Sauti ya Koko Ndani ya Mashine Yako

Papa,

Supai. Nimeinamisha kichwa hapa mezani kama mtoto, mazoea tu, nikangoja mkono wako wa salamu. Halafu nikakumbuka. Ni miezi saba sasa na bado nasahau, aki. Nikiona kitu cha kuchekesha barabarani bado natoa simu nikupigie.

Jina lako siandiki. Unajua mbona. Siku tulipokuzika, Koko, nyanya yetu, alingoja watu wapungue, akasema kwa Kimaa, polepole, kwamba jina sasa lipumzike, vile mila inasema kwa aliyekufa. Pastor alikuwa amelitaja kwa kipaza sauti mara nyingi sana, na kila mara mama yako alivuta shuka akajifunika uso. Tangu hapo hakuna anayelisema nyumbani. Hata mtoto wa ndugu yangu Lemayian, yule tuliyempa jina lako, siku hizi anaitwa Baraka kama alivyobatizwa. Ukimwita Baraka anachelewa kugeuka, maskini.

Duka lako hapa Kitengela nimelifungua tena. Malori ya mawe yakipita, vioo bado vinatetemeka. Watu bado wanaingia wakiuliza, "Mzee ako?" Nikiwaambia, wanashika mlango, wanasema pole sana, halafu wanasema walikuwa wanataka kuprint tu. Nawaprintia. Mama amegawa makoti yako yote isipokuwa lile la kahawia. Hilo hata mimi nisingekubali.

Lakini sikuandikii mambo ya duka. Nakuandikia kwa sababu ya ile kompyuta yako ya zamani, na kitu nilichokufanyia nikiwa msichana. Sikuwahi kukuambia. Nilikuwa na miaka ishirini ya kukuambia, nikanyamaza mpaka ukaenda.

Wacha nianze na kizuri.

Unakumbuka Magadi, ile nyumba ya kampuni, joto mpaka ukuta unachoma mkono? Ofisini walikuwa wanatupa kompyuta, ukaomba moja, ukaileta nyumbani ukiwa umeifunga kwa blanketi. Ilikuwa na DOS tu, kioo cheusi na maandishi meupe. Koko alipokuja kututembelea ukampa kile kipaza sauti kidogo, ukamwambia akuite vile alivyokuwa akikuita ukichunga mbuzi. Yeye akakasirika. "Nitamwitaje mtu ambaye ako hapa mbele yangu?" Ikabidi utoke nje, uende usimame nyuma ya tangi la maji, ndiyo akaita. Aliita kwa kifua chote. Majirani wawili walichungulia.

Basi ukaipanga mashine ili kila ikiwashwa itoe sauti hiyo. Kila asubuhi Koko anaita jina lako kutoka kwa spika, na wewe popote ulipo, hata ukiwa na povu ya kunyoa usoni, unajibu, "Oe!" Mtu mzima, mfanyakazi wa kiwanda, anaitikia kompyuta! Mama alisema chumvi ya ziwa imekuingia kichwani. Mimi na Lemayian tulikuwa tunaamka mapema ili tuone ukiitika.

Halafu tukahamia Kitengela, radi ikapiga, na ikachoma kadi ya sauti peke yake. Mashine ilibaki nzima, imekuwa bubu tu. Ukaenda Nairobi kwa yule mzee anayeuza vipuri vya mtumba, ukarudi na kadi nyingine, ya kisasa kuliko ile. Ulikuwa na furaha! Ulisema ya siku hizi haina kazi, ukichomeka inajipanga yenyewe. Ukaiweka kwa rafu ungoje wikendi.

Jumamosi ukaichomeka. Kimya. Kadi ya zamani ilikuwa na vile vipini vidogo vya kuhamisha kwa kidole ukichagua namba zake, hii haikuwa na hata kimoja. Uliigeuza na kuigeuza kama mtu anayetafuta kupe kwa mbuzi. Kila kitu ilichohitaji kilikuwa kwa diski moja iliyokuja nayo, ile uliyoiandika SAUTI kwa biro. Ukaiingiza. Ilikuwa tupu.

Papa, vile ulimlaani yule mzee! "Ameniuzia kopo tupu." Kutoka siku hiyo, ukipita karibu na kibanda chake ulikuwa unaangalia upande mwingine. Wewe, mtu ambaye husalimia hata punda.

Diski haikuwa tupu. Niliifuta mimi.

Ilikuwa wiki ile ile, kabla ya Jumamosi. Nilikuwa na mtihani wa kompyuta pale koleji, na kila mtu aliambiwa aje na diski yake. Yangu ilikuwa imeharibika. Nikaona yako kwa rafu, nikaifuta yote, nikafanyia mtihani, nikatoa kazi yangu ikabaki tupu, nikairudisha mahali pake. Nilidhani diski ni diski. Nilipita huo mtihani, na ukanichinjia mbuzi.

Jumamosi nilikuwa nimesimama nyuma yako ukiiingiza. Niliona uso wako. Ningesema hapo hapo, ungegomba kidogo, ungerudi kwa mzee akupe nyingine, na mambo yangeisha. Niliogopa. Baadaye woga ukaisha, ikabaki aibu. Baadaye nikajiambia umesahau. Uongo mtupu, kwa sababu hukuitupa ile mashine. Ulikuwa unaiwasha mara moja moja, unapangusa vumbi, unaangalia ule mstari wa mwisho ukijaribu kutoa sauti ya Koko na kushindwa. Kadi haipatikani. Unazima. Mimi niko hapo na kikombe cha chai na sisemi kitu.

Kule hospitali Kajiado, siku ambayo bado ulikuwa unaweza kukaa, ulinishika mkono. "Nashi, ile kadi haijafa. Haijaitwa tu. Ukiiamsha, umpelekee mama yangu asikie vile alikuwa akiniita." Nikakuahidi. Nilitaka kusema na lile lingine. Nikasema nitasema kesho. Si unajua kesho yetu ilivyokuwa.

Kazi imenichukua wiki nyingi. Kuna watu kwa mtandao wanaotunza programu za zamani vile wengine wanatunza picha. Mara mbili nilichukua programu isiyo ya kadi hii. Ikabidi niitoe kadi, nivae miwani ya Mama, nisome namba zilizoandikwa kwa ile chipu kubwa. Ya tatu ilikuwa yenyewe. Nikaiweka kwa diski ile ile, yenye biro yako. Bado inafanya kazi, Papa, imetuzidi sote.

Na kumbe ulikuwa unasema ukweli. Kadi ya aina hii, chini ya DOS, ukiwasha umeme inakaa tu kama haipo. Ni mpaka programu iiite kwa namba yake yenyewe, ndiyo inaitika, halafu unaipa mahali pa kukaa na namba yake ya kubisha hodi. Sasa mimi, kwa haraka zangu unazozijua, nikaipa hodi namba saba, na saba ni ya printa. Nikawasha. Koko akatoa nusu ya jina lako. Nusu tu, halafu ikakwama, ikarudia hiyo nusu, ikarudia, ikarudia, mpaka nikang'oa waya ukutani. Nilikaa chini sakafuni nikalia vile sikulia hata makaburini. Mteja alikuja na kitambulisho chake akitaka kopi, akaniona, akarudi pole pole.

Kesho yake nikaipa hodi namba tano. Nikaondoa mstari wa Koko kwanza, nikajaribu na mlio wa kengele. Kengele ikalia yote. Nikarudisha mstari wa Koko nikazima mashine, kwa sababu sikutaka kumsikia kabla yake mwenyewe.

Hapo ndipo nilipokwama kabisa. Nilikuwa nimekuahidi. Lakini ulipoomba ulikuwa hai, na jina lilikuwa la kuitwa. Sasa nitambebea mama aliyezika mtoto mashine ya kutaja jina ambalo amesema lisitajwe? Nisipoipeleka, ni mara ya pili nakunyima sauti hiyo. Lemayian alisema nihamishe tu kwa simu, nijisikizie mwenyewe, nimwache nyanya apumzike. Tuligombana. Nilimwambia sauti hii haikuombwa iletwe kwangu.

Jana nikaipakia kwa pickup ya jirani, nikaizungushia shuka, mpaka kwa Koko. Macho yake yameisha sana. Alipapasa lile sanduku akauliza ni jiko la aina gani. Nikampangia juu ya meza, nikachomeka, halafu nikapiga magoti nikamwambia kabla sijagusa kitu. Nilimwambia ni ile ya Magadi, kwamba sauti yake iko ndani, kwamba itaita lile jina, kwamba uliniomba, na kwamba akikataa nitairudisha leo leo na sitamletea tena. Alitoa ugoro wake. Alivuta. Nikaanza kukunja waya, nikidhani amekataa. Akasema, "Washa."

Mashine ikahema vile inahema. Maandishi yakapita. Na akaita, Papa. Jina lako lote, mara mbili, kwa kifua cha mwanamke mwenye nguvu, na mara ya tatu akakuambia mbuzi wameingia kwa mahindi ya wenyewe. Chumba kikajaa. Kuku mlangoni walitoroka.

Halafu kimya. Ule muda ambao ulikuwa unasema "Oe." Sikuwa nimefikiria huo muda. Nimefikiria yote, namba, waya, diski, sikufikiria huo.

Koko alikuwa ameinamisha sikio. Nilikuwa namwomba msamaha tayari, nimeshika swichi. Akaniondoa mkono. "Huyo si mimi," akasema. "Mimi nimenyamaza, nimetii. Huyo bado ako na mtoto wake. Mwache aite."

Akaniambia niwashe tena.

Nikawasha. Huyo wa ndani akaita tena, jina lote mara mbili, na mbuzi bado wako kwa mahindi. Na ulipofika ule muda, Papa, sikujua nafanya nini, nilisikia tu mdomo wangu umefunguka. "Oe!" Kwa sauti yangu hii mbaya, nimepiga magoti sakafuni kwa Koko. Yeye akashika kichwa changu, akaweka mkono wote, kama unavyoweka wewe. Tulilia wote wawili mpaka chai ikamwagika kwa jiko.

Mashine imebaki kwake. Ameniambia Baraka amfundishe kuiwasha.

Nisamehe ile diski. Najua maji yakimwagika hayazoleki, na asubuhi zako zote za bubu siwezi kukurudishia. Wiki ijayo nitaenda Nairobi nimtafute yule mzee wa vipuri kama bado yuko, nimsalimie mara mbili, moja yangu na moja yako, nimwambie hakukuuzia kopo tupu.

Lala sasa, Papa. Usiwe na wasiwasi na mbuzi. Akikuita, nitaitika mimi.

Nashipae wako