Gari Lisizime Kanombe

Jumamosi, 26 Februari 1994

Nimesugua platini, vile vyuma vidogo vya cheche, tena kwa ubavu wa kiberiti. Kila asubuhi ni hivyo hivyo. Fungua kifuniko cha delko, sugua, futa, funga, piga dua. Pijo 404 ya marehemu baba imewaka kwa taabu. Likipata moto, ukalisimamisha kidogo tu na injini inanguruma, linakohoa na kuzima.

Nyamirambo nzima, hapa Kigali, inajua. Hili ndilo gari la arusi la mtaa. Kabla ya Ramadhani lilizima na bibi arusi ndani, akashuka na shela lake akatembea. Watu walicheka mpaka basi. Mimi nilinuna.

Sasa sinuni. Naogopa. Tangu fujo za wiki hii, vijana wameweka vizuizi. Unasimama, wanasoma vitambulisho vya wanaume waliokaa mbele, wakipenda na vya waliokaa nyuma. Gari likizima, wote chini, wote wanasomwa. Changu kimeandikwa Mhutu. Cha mke wangu Mwamini kimeandikwa Mtutsi.

Jumanne, 1 Machi

Jirani Damaseni amesimama na vijana wa kizuizi cha kona. Mwamini alimshonea suti ya arusi yake. Leo ameniuliza kama mke wangu bado anashona. Swali la kawaida kabisa. Nimelichukia.

Nimeamua. Mwamini aende Ngara, ng'ambo ya mpaka, kwa binti yetu Asha. Alikataa. Akakubali. Akakasirika upya kwa sababu mimi sibaki huko. Mama yangu yuko chumba cha nyuma, kiharusi kimemlaza. Nani atamgeuza? Tumefuturu bila kusemezana.

Basi za stendi ya Nyabugogo zinashusha abiria wote kila kizuizi. Kwa hiyo ni gari hili. Na gari hili linazima.

Jumapili, 6 Machi

Sadi, fundi wa umeme na rafiki yangu tangu madrasa, amelala chini ya dashibodi asubuhi nzima. Ametoka na waya mkononi, ameukunja, ganda limedondoka lote. Eti shida yangu si platini peke yake. Umeme unazunguka kwenye swichi ya ufunguo kwa waya mwembamba wa zamani. Ukipata moto, koili, inayozaa cheche, inabaki na njaa. Mimi nasugua platini miaka yote hiyo kama mwendawazimu.

Anataka kuzitoa platini kabisa. Kuna Pijo mpya iliyogongwa huko Kanombe, ina kisanduku cha elektroniki badala yake. Hakisuguliwi, hakiungui. Nimemwambia baba asingekubali. Sadi akasema, "Baba yako hakupita kwenye bariyeri, kwenye vizuizi hivi." Nikampa pesa akakinunue.

Jumatano, 16 Machi

Idi imepita. Swala ilikuwa fupi, watu hawakukaa barazani.

Kazi imekwisha nusu. Waya mnene mpya kutoka betri hadi koili, rilei, swichi ya umeme, katikati. Jana Sadi alifunga kisanduku juu ya bati lenye rangi. Kimya. Hata cheche hakuna. Tulitukanana vizuri. Leo amekwangua rangi ili bati lishike umeme, akafunga tena, likawaka mara moja. Nimeliacha likinguruma mbele ya baraza mpaka mshale wa moto wa injini ukapanda. Halikukohoa. Mwamini alitoka jikoni kusikiliza. Alishika mlango.

Damaseni naye alikuwa akisikiliza, kule ng'ambo ya barabara.

Jumanne, 29 Machi

Wazo ni la Mwamini, si langu. Mimi nilikuwa nataka kumlaza chini ya viti. Yeye akasema, "Unanificha kama gunia la mkaa? Nitaenda nimekaa. Nipeleke kama bibi arusi."

Nimekaa nikafikiri. Nimepeleka maarusi tangu nina nguvu za ujana. Hakuna mtu aliyewahi kumfunua bibi arusi uso barabarani. Ni aibu na ni mkosi. Vijana wa vizuizi bado wanawapisha, wanataka pipi tu.

Lakini bibi arusi hashuki. Gari likizima, atashuka.

Ijumaa, 1 Aprili

Mke wa Sadi amempaka Mwamini hina mpaka kwenye viwiko. Mikono ya mshonaji, mishipa imesimama. Mwanamke mwenye binti aliyeolewa anapambwa upya. Mwamini alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli. Aliingia kumuaga Mama. Mama hawezi kusema, ila alimshika kidole hakumwachia.

Nimepakia mahitaji ya arusi: maua ya karatasi, utepe, pipi. 

Jumapili, 3 Aprili

Amevuka.

Niandike kwa utaratibu. Tulitoka jana asubuhi. Mke wa Sadi alikaa nyuma na bibi arusi kama somo wake, yaani kungwi, Sadi mbele na mimi. Kila kizuizi vigelegele, pipi, pita. Kanombe, kwenye kizuizi cha karibu na kambi ya jeshi, tulikwama nyuma ya lori. Jua kali. Sikuthubutu kuzima, sikuthubutu kukanyaga mafuta. Mshale ulipanda ukagusa nyekundu. 

Askari akaingiza kichwa dirishani. Alitazama shela. Akatazama mikono. Aliitazama mno. Mke wa Sadi akapiga kigelegele masikioni mwake.

"Arusi iko wapi?"

"Rwamagana, afande."

Injini ilinguruma tu. Haikukohoa hata mara moja. "Felisitasyo," akatupa hongera kwa Kifaransa, akapiga bati la paa. Nilianza kulia tulipofika Masaka, mbele ya watu.

Karibu na Rusumo, mpakani, Mwamini alivua shela, akavaa kitenge, akavuka daraja na wanawake wa sokoni. Hakugeuka. Nilikuwa nimemwambia asigeuke. Nilitaka ageuke.

Leo tumerudi. Kwenye kona ya kwetu Damaseni mwenyewe alinyanyua mti wa kizuizi. Akaweka kiganja juu ya boneti.

"Mzee Rajabu, gari yako iko muzuri sasa. Haizimi tena."

Nikasema Sadi ni fundi.

"Ni muzuri. Iko kazi inakuja. Vijana watahitaji gari ya kuwabeba. Tutakuja kuichukua wiki hii."

Hakumuulizia Mwamini, kama anayejua hayupo. Hilo ndilo lililonikausha mate.

Jumanne, 5 Aprili

Mvua asubuhi. Nimemgeuza Mama, nimemwosha, amekunywa uji kidogo. Anatazama mlangoni, anamtafuta Mwamini.

Sadi alikuja akanisihi nimpakie Mama tuondoke leo leo, hata kama atafia njiani. Nikamwambia ngoja nifikiri. Alipoondoka nilifikiri. Kisha nikafungua boneti. Nikatoa koili, rilei, kisanduku, waya wote mpya aliouvuta. Kazi safi, kila kiungo kimefungwa kwa utepe. Nikavitupa katika shimo la choo, kimoja kimoja. Platini za zamani nazo, nisije nikashawishika au wakanishawishi kwa panga. Vijana wa Damaseni hawatabebwa na gari la baba yangu.

Na sisi pia hatutabebwa. Najua nilichofanya.

Jioni nimekaa na Mama. Mtaa umetulia, redio ya jirani inapiga muziki. Nilitia mkono mfukoni nikakuta kiberiti, ubavu mmoja umechakaa wote kwa platini. Nimekitumia kuwasha taa.