Gia za Mkono, Kamera ya Nyuma

Jumatatu, 8 Juni
Wanafunzi watatu leo. Wawili walizima gari kwenye mlima. Wa tatu, Kabula, hakuzima. Aligonga pipa la mazoezi ya kuegesha. Tena.

Kabula ni binti wa wafugaji waliohamia kijiji cha Mtua kutoka kanda ya ziwa. Amefeli mtihani wa leseni mara mbili. Baba yake amenunua pikapu ya maziwa na amesema akifeli mara ya tatu, ataendesha kaka yake. Kaka mwenyewe hapendi ng'ombe, hapendi maziwa. Anapenda pikapu.

Jioni nilipita kibanda cha gemu kuchukua simu niliyoacha kwenye chaji. Nikamkuta Kabula anacheza gemu la magari, anawafunga wote. Nikasema kama huyu anaweza, basi ni rahisi. Nikaomba pedi ya kuchezea.

Nimeshindwa. Sitaki kuandika zaidi.

Jumanne, 9 Juni
Naandika zaidi. Kabla ya kuanza, gemu linakuuliza: gia za mkono au otomatiki? Kamera ya ndani ya gari au ya nyuma? Nilichagua gia za mkono na kamera ya ndani, kama mtu mzima. Mimi ni mwalimu wa udereva, Nachingwea nzima inanijua. Kabula alichagua otomatiki na kamera ya nyuma, gari lake lote analiona mbele yake kama anachunga ng'ombe. Kila kona alinipita. Mimi niliona usukani na ukuta.

Asubuhi muuza vitumbua aliniuliza nimeanza lini kujifunza gari. Nina hasira.

Alhamisi, 11 Juni
Mambo yameharibika. Vibanda vya Nachingwea na Ruangwa vitashindana tarehe 20. Bingwa wa Ruangwa ni Hamisi, fundi cherehani. Huyu nilimfukuza darasani zamani, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba gia si saizi yake. Ametuma salamu: hataki mchezaji mwingine, anamtaka mwalimu.

Nimekubali. Mdomo ulitangulia. Mke wangu Somoe aliuliza kama nina homa.

Ijumaa, 12 Juni
Nimemwomba Kabula anifundishe. Sentensi ngumu hiyo. Alikubali bila kucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia kwanza nihamishe kamera nyuma. Nikamjibu kwamba dereva hakai nyuma ya gari lake.

Akasema taratibu, "Mwalimu, gari la kweli unaliendesha na mgongo. Likiyumba unajua. Hapa mgongo hauna kazi. Una macho tu."

Nikahamisha kamera. Gia nimekataa zisiguswe. Nina heshima yangu.

Jumapili, 14 Juni
Leo nikioga nimeelewa kitu. Kabula hagongi mapipa kwa uzembe. Akikaa ndani hajui gari linaishia wapi. Miezi minne namfokea, na sikuwahi kumuuliza anaona nini. Nimeona aibu.

Mchana nikampandisha kwenye bodi ya pikapu yao, ashike chuma, atazame magurudumu yanapopita. Nikapita kati ya mapipa polepole. Kwenda, kurudi, mara kumi. Kisha nikampa usukani. Pipa la kwanza salama. La pili salama. Nilifurahi. Sikuonyesha.

Alhamisi, 18 Juni
Kabula amefaulu! Mkaguzi alimrudisha nyuma kati ya nguzo mara mbili, hakuamini macho yake. Baba yake alinishika mkono, akasahau kuuachia. Kaka mtu alinuna. Nimerudi nyumbani na ndoo ya mtindi. Somoe anasema sasa niache gemu, nisiharibu.

Jumamosi, 20 Juni
Ruangwa. Kibanda kilijaa. Wengine walikuja kwa baiskeli kutoka Nkowe wakati ufuta unawasubiri shambani. Tulikubaliana mbio tatu.

Ya kwanza: gia za mkono. Kila nilipobadilisha gia, mguu wangu wa kushoto ulitafuta klachi na kukanyaga kiatu cha Hamisi. Alishinda akiwa na kiatu kimoja.

Ya pili. Kabula aliniinamia: "Mwalimu, chagua otomatiki. Hakuna atakayekufa." Nikachagua. Runinga ni kubwa, wote waliona. Mtu nyuma akasema mwalimu amehamia otomatiki, kibanda kizima kikacheka. Nikashinda kwa mbali sana.

Ya tatu. Akili yote ilisema otomatiki. Nikamtazama Hamisi, nikakumbuka nilivyomwambia, nikarudisha gia za mkono. Niliongoza mpaka kona ya mwisho. Pale nikashusha gia mara moja zaidi ya inavyotakiwa. Gari likaingia rivasi, likarudi nyuma. Hamisi akapita.

Hakunicheka. Alisema, "Hata mimi zilinisumbua hivyohivyo, mwalimu." Nikamwomba radhi kwa siku ile. Akaniletea soda.

Jumapili, 21 Juni
Kumepoa leo. Somoe ameuliza mara moja tu nani alishinda.

Sijaandika safari ya kurudi jana. Leseni ya Kabula haijatoka, kwa hiyo aliposhika usukani wa pikapu yao mimi nilikaa pembeni, kama sheria inavyotaka. Jua la alasiri, barabara ina vumbi. Alipishana na lori la ufuta bila kubana pumzi. Nakumbuka gia ya tatu ikiingia kimya.

Kisha nikaona tuko Nachingwea, mbele ya nyumba yangu, na Kabula ananigusa bega.

Miaka ishirini nafundisha. Sijawahi kulala mwanafunzi akiendesha.