Bunduki Fupi ya Baba

Jumamosi, 4 Agosti 1984

Nimeteka maji mara mbili. Nimetwanga. Nimefagia. Mama asema likizo si ya kulala. Sasa nimejificha nyuma ya jiko na daftari hili. Shuleni Kaloleni ni Kiingereza tu, ukiponyokwa na Kiswahili wavishwa kibao shingoni. Hapa naandika nitakavyo.

Baba ni mlinzi wa ng'ombe wa ranchi. Wamemwahidi bunduki mpya. Ile ya marisau, vijirisasi vya kupigia ndege, haimtishi nyati, na ukame umewaleta nyati hadi kwenye birika la kunyweshea ng'ombe. Dume mmoja, pembe moja imekatika, ameshawatoboa ng'ombe wawili matumbo. Mjomba Charo, kakake Mama, ndiye anayesoma nyayo. Asema dume yule ana kisirani kumpita shemejiye. Baba akacheka. Mimi sikucheka.

Tundu la paani bado liko juu ya kitanda cha Mama. Siku ya Pasaka Baba alirudi kutoka mangweni, amelewa mnazi, akafyatua marisau ndani ya nyumba. Alilenga paa au alimkosa Mama, sijui. Saa nne jua hupenya pale, likaweka doa kwenye shuka. Mama huliangalia.

Jumanne, 7 Agosti

Meneja amekuja na bunduki tatu kutoka duka la Mombasa. Kibali ni cha moja. Ifanye kazi zote: nyati, fisi, nyani, wezi wa ng'ombe. Akamwambia Baba achague, maana atakayeibeba ni yeye. Karatasi ni za Kiingereza. Baba akaniita mbele ya watu. Nilisoma kwa sauti ya panya.

Ya kwanza ndefu, ya kupiga mbali mahali peupe. Miiba yetu ingeunasa mtutu. Ya pili ya nyati na ndovu, nzito kama mchi. Ya tatu fupi. Ratili saba. Mtutu inchi kumi na tisa. Kelele zake nyingi, inasukuma bega, karatasi haikuficha. Nyati atakufa kwayo, ila kwa risasi nzito, na uwe karibu.

"Mayo, wewe ungechukua ipi?" Baba huniita Mayo, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mamake.

Nikasema fupi. Nyepesi. Haikwami vichakani. Yote kweli.

Sababu yangu sikuitaja. Meneja alituonyesha kusafisha. Kila moja ina bolti, lile komeo la chuma unalovuta ndipo risasi iingie. Nilijaribu kuzitoa zote tatu. Kwa zile mbili kidole changu hakikuweza. Kwa ile fupi unabonyeza kidude ubavuni na bolti yote inakujia mkononi. Bila bolti, bunduki ni rungu.

Alhamisi, 9 Agosti

Jana Baba alikwenda mangweni. Nikatoa bolti, nikaifukia kwenye mahindi, uchagani, juu ya moto. Alfajiri akioga nikairudisha. Hakujua.

Leo amepiga nyani wawili. Mmoja hakufa. Alikaa kitako akajishika tumbo kama mtu. Baba akavuta bolti, akammaliza. Mjomba akasema, "Shemeji, fupi kama wewe, lakini ina mdomo kama dada yangu." Kisha akanigeukia. "Na wewe Mayo, utaolewa na kitabu." Niliona haya. Nampenda Mjomba. Ndiye mtu mzima pekee ambaye simwogopi.

Jumapili, 12 Agosti

Saa nane Baba mangweni. Saa nane na robo bolti uchagani.

Alirudi jua likiwa bado kali. Wali ulikuwa umepoa. Akamshika Mama mkono akauzungusha. Nilisikia ukivunjika. Sauti ya kijiti cha kuni. Mama hakulia. Mimi ndiye niliyelia, na hilo linaniudhi mpaka sasa. Baba akauendea mfuko wa turubai anamotia bunduki. Nikaomba Mungu huku najua bunduki iliyomo haina bolti. Hakuufungua. Akaukumbatia, akaanguka mlangoni, akalala nao.

Namchukia. Jana alinichongea penseli kwa kisu chake.

Jumatatu, 13 Agosti

Mjomba amekufa.

Niandike kwa mpangilio. Mkono wa Mama umevimba, hawezi kuinua ndoo. Maji ya alfajiri ni yake. Nikaenda mimi. Foleni ya kisimani ilikuwa ndefu. Nilikuwa nyuma ya wanawake kumi na tano nikiwaza bolti iliyobaki uchagani. Nikajiambia, Baba ana mnazi kichwani, ataamka saa tatu.

Saa kumi na mbili na nusu Mjomba alikuja kumwamsha. Dume yupo birikani. Baba alinyakua mfuko wakakimbia. Wachungaji waliona yaliyofuata. Mjomba alitangulia na upinde. Nyati alitokea ubavuni. Baba akaifungua turubai, akaweka bunduki begani, mkono ukaenda kuvuta bolti. Pakawa hapana kitu. Tundu.

Hakukimbia. Walisema wote, hakukimbia. Alimpiga nyati usoni kwa kitako cha bunduki mpaka kikapasuka. Nyati hakumtazama hata. Alikuwa na Mjomba chini, anamwinua na kumshusha, anamwinua na kumshusha.

Walimleta Mjomba juu ya kitanda. Tumbo lilifungwa kwa shati la Baba.

Niliitua ndoo. Nikajua kabla sijaambiwa.

Jumanne, 14 Agosti

Baba aliingia jikoni. Wanaume kwetu hawaingii jikoni. Akapeleka mkono moja kwa moja uchagani, ndani ya mahindi. Bolti ilikuwa na masizi na pumba; labda aliyaona siku ile niliyoirudisha. Akaifuta kwa kidole. Akanitazama mimi. Akautazama mkono wa Mama uliofungwa kwa kipande cha leso. Akatoka.

Nilingoja anipige. Nilitaka anipige.

Mchana yeye na meneja walimfuata dume. Kitako kimefungwa kwa waya. Risasi nne. Ya nne alimwekea sikioni, akiwa tayari amekufa. Nyama haikuliwa, maana dume ameua mtu. Ilichomwa. Harufu imeshika nguo zetu.

Jumamosi, 18 Agosti

Tulimzika Mjomba Jumatano. Mama alishika udongo kwa mkono wa kushoto.

Leo kituoni. Askari aliuliza kwa Kiswahili, akaandika kwa Kiingereza. Baba akasema hawekei kidole kitu asichokijua, mwanangu anisomee. Nikasoma, nikigeuza Kiswahili neno kwa neno. Maneno yalikuwa ya Baba: Mimi niliitoa bolti mwenyewe ili niisafishe. Nikaiacha nyumbani kwa kusahau. Hakuna mtu mwingine aliyeigusa bunduki.

Hapo nikarudia mstari ule kwa macho. Askari aliinua macho.

"Soma, Mayo," Baba alisema. "Ndivyo ilivyo."

Nikamaliza. Akachovya kidole. Askari aliuona mkono wa Mama, hakuuliza. Mimi nami sikusema. Nilikuwa na ulimi wa lugha mbili na sikusema kwa hata moja.

Meneja ameichukua bunduki. Baba amepewa rungu, akae langoni.

Jumapili, 26 Agosti

Kesho narudi shule. Nguo nimekunja. Mama hajaniuliza kitu. Anapika kwa mkono mmoja.

Saa nane ilifika. Baba hakwenda mangweni. Sijui ya Jumapili ijayo. Akakaa uani anasuka makuti, anafumua, anasuka tena. Kisha akapanda juu ya nyumba. Nikawa nampa makuti, moja moja, toka chini. Nilitaka kusema nilichagua ile fupi kwa nini. Nadhani anajua.

Niliingia ndani kuangalia. Juu ya kitanda cha Mama tundu limezibwa; doa la saa nne halitakuwepo tena.

Baba akashuka. Akaomba maji. Nikampa.