Majibu ya Damu Niliyoyasoma Nusu

Makambako,
Jumamosi mchana.

Kwako Priska,

Kamwene, rafiki yangu. Habari za huko kwenu Kichiwa, na mguu wa Bibi umepona? Sisi huku nyumbani wazima, ni honi za malori tu. Nina jambo sijamwambia mtu, hata padre. Nakuandikia huku nikiifunika karatasi kwa daftari la Baiolojia kila Mama akikohoa.

Nywele zangu bado zinadondoka. Vile viraka vya mviringo vimeongezeka, laini kama kiganja. Darasani naitwa Ramani. Davis alisema mwalimu wa jiografia asihangaike kuchora, anisimamishe tu mbele. Nikacheka nao. Bwenini beseni langu hakuna anayeligusa, na kichwa najinyoa mwenyewe. Nakumbuka Jumamosi zetu za kunyoana kwa zamu, ukinionya nitulie la sivyo utaondoka na sikio.

Mwezi jana Mama alinipeleka hospitali ya Ikonda wakanitoa damu. Majibu niliyafuata peke yangu, Mama alikuwa anapakia mahindi. Daktari alinieleza kwamba vitamini D iko chini, akiba ya madini chuma nayo chini, na damu inaonyesha kinga ya mwili inachokoza tezi ya shingo. Kinga hiyohiyo ndiyo inashambulia mashina ya nywele. Alisema dawa zitajaza kilichopungua, ila nywele hakuniahidi. Nikamuuliza kama siyo mapunye. Akasema siyo, na haiambukizi, hata tukichangia mashine ya kunyolea. Akayaandika yote.

Nyumbani Mama akataka nimsomee, maana ni Kiingereza kitupu. Nikasoma vitamini, nikasoma chuma, nikaikunja karatasi.

Priska, aliyetaja mashine yako ni mimi. Matroni aliniuliza mbele ya wasichana wote nani kaniambukiza. Niliona haya, jina lako likanitoka. Mama akaenda kuwaka kwa mkuu wa shule, nawe ukarudishwa kwenu, godoro limefungwa nyuma ya bodaboda. Ulidhani ni Oliva wa bwenini aliyekusema. Nikakuacha udhani hivyo.

Sikuombi unisamehe leo. Nataka urudi shule, na wa kwenda kwa mkuu kufuta yale maneno ni Mama.

Msalimie sana Bibi, na Idda mdogo wako.

Nasikia kandambili za Mama, anakuja huku chumbani. Daftari nimelitoa juu ya barua. Karatasi ya Ikonda nimeikunjua hapa mezani. Safari hii nitamsomea mpaka chini.

Ni mimi rafiki yako, kama bado unaniita hivyo,
Letisia