Kamanda Aliyerudi na Uso Mwingine

Nakivale

Kwa dada yangu mpendwa Feresita,

Amani ya Kristo ikufikie ukiwa na nguvu za kusimama mlangoni kuipokea, maana nasikia miguu inakusumbua tena. Je, dawa ya kupaka niliyokutumia ilifika? Na muhogo wa bondeni, mvua imeuacha salama? Mimi ni mzima, isipokuwa macho, na isipokuwa uchovu ambao sitakuficha.

Uchovu wenyewe, dada, ni sinema. Usicheke. Katika kibanda cha video cha hapa kambini kwetu wakimbizi huonyeshwa mfululizo wa filamu za Wamarekani kuhusu mashujaa wanaoruka angani, nao sasa umefikia filamu ya kumi na tatu. Mtafsiri wa kibanda huwasimulia watazamaji kwa Kiswahili, na shujaa mkuu amempa jina la Kamanda Upepo. Mwaka jana Kamanda huyo alikufa ndani ya filamu, na watu wazima wenye watoto wakalia.

Ilipofika Novemba, waamini walitia kikapuni karatasi za majina ya marehemu wao, kama ilivyo desturi. Nikasoma mbele ya altare: "Marehemu Kamanda Upepo, aliyeanguka akiokoa wengi." Wewe unajua ni wangapi katika jamaa zetu walikufa msituni wakiitwa kamanda huyu na kamanda yule. Sikushuku lolote, maana jina hilo la sinema nilikuwa bado sijalisikia. Nilimwombea kwa sauti nzito, na walioketi nyuma wakaanza kukohoa ili kuficha kicheko.

Hilo nililisamehe. Lakini nilipokwenda mjini Mbarara kupimwa macho, niliona tangazo ukutani: Kamanda anarudi, barakoa ile ile, kidevu cha mtu mwingine. Mwigizaji wa zamani amezeeka, basi wamemtafuta Kamanda wa pili kutoka ulimwengu mwingine. Tangu hapo sina amani. Njiani naambiwa, "Mwalimu, sala yako ilifika." Wanabishana kama huyu mpya ndiye au siye, na filamu ya kumi na nne itamweka wapi mjane wa yule wa kwanza. Katika filamu hizo hakuna anayekubali kubaki kaburini, wala wanaozitengeneza hawakubali kuifunga hadithi.

Na mimi ndiye ninayefundisha ufufuko wa wafu kwa watu wazima watakaobatizwa Pasaka. Alhamisi iliyopita, Mama Neema, ambaye mume wake aliuawa walipokuwa wakikimbia vita, aliinua mkono. Wenzake walikuwa bado wanacheka habari za Kamanda. Yeye hakucheka.

"Mwalimu, na bwana yangu naye atarudia na sura ya mutu mwengine?"

Nilimwambia kwamba Bwana wetu alipofufuka alionyesha madonda yale yale, katika mikono yake mwenyewe. Akafikiri. Akasema mume wake alikuwa na kovu la jembe juu ya jicho.

"Basi nitamutambua," akasema, akaketi.

Dada, nilijibu kwa uhakika. Lakini nilipofika nyumbani niliutafuta moyoni uso wa marehemu Veronika wangu. Nikapata kilemba chake, nikapata sauti yake. Uso haukuja. Picha iliyobaki ni ile ya arusi yetu, iliyo ukutani kwako.

Nisalimie shemeji, na mjane wa kaka yetu, na mjomba anayetunza ufunguo wa kanisa. Mwombe jirani mwenye simu aipige picha hiyo na kunitumia. Asiisafishe hata kidogo. Ile alama ya tetekuwanga shavuni mwa Veronika aiache ilivyo.

Mdogo wako katika Kristo,
Damiano, katekista