Nafasi ya Nyumba Yetu Ukumbini

Suva, 3 Machi 2021

Dada yangu Akoia,

Salamu nyingi. Mwili mzima, roho ndiyo imechoka. Kifua cha Mama kinaendeleaje? Meli ilitushusha sisi mabaharia hapa Fiji, na nyumbani pamefungwa kwa ugonjwa huu. Mwaka umekatika tunalala wanane chumba kimoja. Wakubwa wa Tarawa wanasema nchi ndogo kama Kiribati haina hospitali ya kubahatisha. Sawa, ila wao wanalala kwao.

Binamu yetu Biribo ameniomba nafasi yetu kwenye maneaba, ukumbi wa kijiji, aikalie mpaka nirudi. Tangu Baba afe nguzo yetu ukumbini iko tupu, hakuna wa kuisemea nyumba. Ameomba kwa bubuti, na bubuti ya ndugu hainyimwi, unajua mwenyewe. Nimempa.

Mdogo wako,
Ioteba

Nonouti, 28 Machi 2021

Mdogo wangu Ioteba,

Salamu zimefika. Mama anakohoa asubuhi tu, mchana anagombana na kuku.

Kwa hiyo umempa Biribo. Hongera. Mtu aliyeomba shoka akarudisha mpini, leo umemkabidhi mdomo wa ukoo mzima. Anaingia na shati la kanisani, anakaa mbele, anajikohoza watu wanyamaze, halafu anasema "naam, ni kweli" kwa lolote alilosema mzee wa mwisho. Kijiji kimeunda kamati ya ugonjwa na mwenyekiti ni yeye. Mpaka sasa wametundika ndoo ya kunawia isiyo na maji, na wamekatazana kupeana mikono huku wakipokezana kata moja ya tembo.

Dada yako,
Akoia

Suva, 2 Aprili 2021

Dada, mwache. Ni mjinga lakini hana ubaya. Anatunza mahali tu.

Mdogo wako,
Ioteba

Nonouti, 9 Septemba 2021

Ioteba,

Sisi wazima. Kaa kwanza ndipo usome.

Baraza la kisiwa limeuliza kila kijiji: mabaharia wakiruhusiwa, mtawapokea? Wazee walipita nguzo kwa nguzo. Ilipofika yetu, Biribo akasimama. "Nyumba yetu inasema wasije," akasema. "Hata wa kwetu asije. Ugonjwa huu unapanda meli." Mama alikuwa amekaa hatua mbili nyuma yake. Wazee wakasema, kama wenyewe wamemkataa mtu wao, sisi ni nani? Na neno la nguzo halifutwi mpaka nguzo hiyohiyo iseme tena.

Huyo ndiye asiye na ubaya.

Dada yako,
Akoia

Nonouti, 14 Novemba 2021

Mdogo wangu,

Salamu, ingawa huzijibu. Miezi miwili umenuna, kana kwamba ni mimi niliyempa mahali. Basi sikiliza.

Jana, kabla Biribo hajajikohoza, nilitoka nyuma kwa wanawake nikakaa chini mbele yake. Nikasema watu wasikie mpaka jikoni: "Biribo, nakuomba kwa bubuti. Nipe nafasi hii."

Akaninong'oneza, "Akoia, tutaongea nyumbani."

"Nakuomba hapahapa, mwenyekiti."

Wazee wote walikuwa wanamkodolea macho. Akainuka, akatoka bila kandambili zake. Nilikalia mkeka ungali na joto lake, nikasema nyumba yetu inamtaka mtu wake. Mzee mmoja akanung'unika kwamba mwanamke hasemi nguzoni. Mwenzake akamjibu, "Basi na wewe kamwombe bubuti." Watu wakacheka na neno likapita.

Njoo nyumbani.

Dada yako,
Akoia

Tarawa, 24 Januari 2022

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Nimefika Tarawa, niko karantini. Ndani ya ndege nilikuwa nikimtukana Biribo moyoni mpaka tukatua.

Wamenipima: ninao. Na wenzangu wa ndege ile wanao, na sasa mjini kuna watu wanakohoa ambao hawajapanda ndege yoyote. Kwenda msalani tu napumzika mara mbili. Wanasema nikimaliza siku zangu nitaruhusiwa kupanda meli ya visiwani, lakini hesabu yao siiamini, na kifua cha Mama nakijua. Yule mpumbavu alisema kweli. Hilo linaniuma kuliko homa.

Nenda ukakae mahali petu, useme nisije.

Mdogo wako,
Ioteba

Nonouti, 6 Februari 2022

Mdogo wangu Ioteba,

Salamu, kama unaweza kuzisoma. Unapumuaje? Mama ni mzima. Nilimficha habari zako, Biribo akamwambia.

Jana nilikaa nguzoni. Nikasema nyumba yetu inasema mtu wake asije mpaka ugonjwa upite. Biribo alikuwa anaitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu anayesikia jibu alilolifundisha yeye. Kisha akaja akakaa chini mbele yangu, akaniomba kwa bubuti nafasi irudi kwake, maana sasa kila mtu ameona ni nani aliyeona mbali.

Nimemnyima, mbele ya wazee wote. Hakuna anayekumbuka mtu wa kijiji hiki kunyima bubuti ukumbini. Leo wanawake wamenipita kisimani bila salamu, na mke wa katekista amevuta mkeka wake mbali na wangu. Na wavute. Aliona mbali kwa bahati. Kuuza ndugu aliuza kwa makusudi, na siku utakapokuja hutamkuta amekaa pale.

Siku ya kumi na tatu sasa hujaandika. Niandikie hata neno moja.

Dada yako,
Akoia