Kete ya Bure

Mwanangu Kichwa Ngumu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mkeo, na hicho kitambi kilichokuja kabla ya umri wake. Mimi nipo. Magoti yanalalamika, mdomo haujambo. Kibanda bado kinavuja juu ya rafu ya viatu, na wateja bado wananiletea viatu vilivyokufa wakidai vinaumwa tu.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu. Simu iko polisi. Usipayuke kabla hujafika mwisho.

Unakumbuka uliponiwekea drafti kwenye simu, ukabandika picha yako ukisema sura yangu itafukuza watu? Basi picha yako ilinipatia rafiki. Tulicheza kila nilipokosa mteja, huku tukiandikiana. Nikamwambia mimi ni kijana fundi viatu, sina mke, dunia hainijali. Nilikuwa namtania tu, si unanijua.

Akaamini. Akasema anawajua wanaonidharau. Akaniingiza kwenye kundi lao la siri, watu chungu nzima wasio na majina, mmoja akisema wote wanaitikia. Zikaja video: kwanza za watu wanaolia, kisha za watu wenye silaha wanaowaliza wenzao na kushangilia. Siku hiyo nilimshonea mteja soli upande.

Ndipo nikairudia michezo yetu kichwani, nikaona kila niliposhinda alikuwa amenigawia ushindi. Nilikufundisha mwenyewe: ukiwekewa kete ya bure, usitazame kete, tazama nyuma yake. Kwenye drafti kula ni lazima, na ukishakula ndipo unapoliwa. Jamaa alikuwa ananilisha.

Juzi akaandika kwamba nauli ipo, niende nikaonane na wenzetu, ila nisimwambie mtu, hasa wazazi. Wazazi wangu mimi walishaoza zamani. Lakini nikamfikiria kijana wa kweli anayesoma maneno hayo, na baba yake anayegonga viatu bila habari. Nikafunga kibanda, nikaenda polisi.

Askari wa kike aliyenipokea alianza kwa kucheka, babu na drafti yake. Akasoma, kicheko kikaisha. Akasema uso walio nao watu wale ni wako, si wangu. Kwa hiyo utapigiwa simu na polisi. Usikimbie, waeleze kwamba baba yako ni mzee mtukutu na picha uliiweka wewe. Nawe ifute popote ilipo.

Sasa neno linalonikaa kooni. Baada ya zile video nilijua ni mtu mbaya, na bado niliendelea kumjibu. Usidhani nilikuwa napeleleza. Kila mchana simu ililia, naye akaandika, "Ndugu yangu, umekula?" Tangu mama yako atangulie, hakuna mwingine aliyeniuliza hilo. Hata leo mchana mkono ulikwenda wenyewe mfukoni.

Nyuma ya bahasha nimeandika namba ya muuza magazeti jirani yangu. Piga mchana. Mawaidha yasubiri. Niulize kwanza kama nimekula, nami mara hii sitadanganya.

Msalimu mkeo, mwambie viatu vyake vyekundu viko tayari, na kisigino hakitamwangusha tena mbele za watu.

Ni mimi baba yako,
Fundi Viatu, kijana wa zamani